Nafasi ya Pili

Picha zote zilikuwa za mashimo.

Naomie alizifungua katika ofisi ya chama cha wakazi, mjini Kolwezi, akadhani kompyuta imemchezea. Fomu ile ya mtandaoni aliitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumfundisha kujitilia shaka: jina, mtaa, kisha nafasi moja ya kupakia faili, ya lazima, iliyoandikwa “Picha ya nyumba yako”. Kampuni ya mgodi iliyokuwa ikiwahamisha watu wa mtaa wa Kasulo ilikubali kuwajengea nyumba mpya waliokuwa na kuta na paa. Ambaye angeonekana amechimba kobalti chini ya kitanda chake angekosa. Nao watu, bila kusita, walituma mashimo ya vyumbani mwao.

Alimpigia simu Mama Bilonda, mjane aliyekuwa wa kwanza kujaza.

“Mama, hii foto ni ya shimo. Bakiiona batakunyima nyumba.”

“Ile shimo njo nyumba yangu,” alijibu mama. “Bwana yangu, Tata Kankolongo, alishuka mule, udongo ikamufunika. Hatukumutosha, eko mule mpaka leo. Sasa mi nitume foto ya mulango?”

Naomie aliona aibu, na aibu hiyo ilimkera kwa kuwa hakuizoea.

“Nitakuja mi mwenyewe kupiga foto ya kuta,” alisema hatimaye. “Ile itaenda kwa société ya mugodi. Ya shimo itabakia kwetu.”

“Mutaiweka wapi?”

“Nitaitengenezea fasi, mama.”

Aliifanya kazi hiyo mchana uleule, vidole vikienda bila wasiwasi. Aliongeza nafasi ya pili, isiyo ya lazima, inayopokea picha ya ukubwa wowote na kuihifadhi chamani tu. Baudouin, katibu wa chama, alichungulia.

“Hii ya pili ni ya kazi gani? Société haikuiomba.”

“Haiko ya société,” alisema Naomie, akaendelea kuchapa.

Siku ya mwisho, picha za kuta zilikuwa bado zikiingia kwa kusuasua, na wengine walihitaji kubembelezwa. Nafasi ya pili haikumhitaji mtu. Karibu kila fomu ilikuwa nayo imejaa, na wengi walikuwa wameondoa zile tarakimu ambazo simu huipa picha, wakaandika jina la faili wenyewe. Tata Kankolongo. Mwamba na mudogo wake. Glodi wa Sandoa.

Baudouin alivuta kiti. Naomie akaanza kuyasoma kwa sauti, polepole, jina baada ya jina.