Koti la Mwana wa Ndovu

Mwaka wa arubaini na tatu, vita vikiwa vimeadimisha nguo mjini, Badawi mshona maturubai wa Kuze aliletewa kazi ambayo hata babake hakuwahi kuiona: koti la mwana wa ndovu.

Aliyeileta ni Joab, mtu wa bara, mlinzi wa hayawani waliofungiwa ua mmoja karibu na bandari ya Kilindini wakingoja meli. Ndovu jike alikuwa amezaa humo uani, kisha akamkataa mwanawe. Kila alipomsogelea kunyonya, alipigwa teke. Akawa analala peke yake kwenye saruji, mvua ya masika ikimnyeshea, Joab akimnywesha maziwa kwa chupa.

"Nje turubai, ndani mablanketi mawili, fundi," alisema Joab. "Apate joto, na mateke yasimuumize. Kila asubuhi twajaribu kumrudisha kwa mamake."

Mablanketi yalikuwa mapya, mazito. Badawi akawaza: mnyama atajuaje? Blanketi moja akalitia mbavuni mwa koti. Mgongoni akatia magunia makuukuu, akayafunika kitambaa cha marekani yasionekane. La pili akampelekea mkewe, Khairiya.

"Nimepewa na Joab," akamwambia.

Siku ya nane Joab akarudi, kofia mkononi.

"Sabalkheri, fundi. Mtoto ana vidonda mgongoni. Kosa ni langu, nimemkaza kamba. Nifundishe kufunga."

Badawi alijua si kamba. Ile marekani imechanika, na gunia lililolowa linachuna ngozi.

"Kamba... hufungwa taratibu," akajibu, macho chini.

Khairiya akasikia, akaita nyuma ya pazia: "Ndiye Joab huyo? Mungu akuzidishie, baba! Lile blanketi ulilotupatia latusitiri kweli kweli."

Joab alimtazama Badawi. Kisha akavaa kofia.

"Litumieni kwa afya, mama," akasema, akaenda zake.

Laiti angemtukana! Uso ulimwaka Badawi, uzi ukakataa kuingia sindanoni. Mwishowe akaingia ndani, akamweleza mkewe yote.

"Nimemshukuru mtu kwa kitu alichoibiwa," alisema Khairiya. "Umenivua nguo, Badawi." Akaling'oa blanketi kitandani, akamtupia mapajani.

Koti alilifumua na kulishona upya kule kule uani, amekaa kwenye saruji. Mwana wa ndovu akampapasa sikio kwa mkonga, akitafuta titi. Vidonda vilikuwa viwili, vipana kama kiganja, nzi wamevijaa.

"Ni mimi," Badawi alisema, machozi yakimtoka.

"Najua," Joab akajibu. "Shika chupa."

Tangu siku hiyo, kila alasiri Badawi alikwenda kumwosha mtoto vidonda kwa maji ya chumvi. Mama ndovu hakumpokea mwanawe kamwe, lakini vidonda vilifunga kabla meli haijaja. Joab hakumwambia mtu yeyote habari ya blanketi. Badawi alitamani Joab amlaumu, hata mara moja tu, wamalizane.