Samaki wa Kuuzwa Bila Vichwa

Mama Chanjo alikuwa amepiga magoti kando ya beseni la bluu lenye dawa ya chanjo, akichovya vifaranga vya samaki kwa wavu, taratibu, kama mtu anayechovya mkate kwenye chai ya moto. Dawa huingilia mashavuni, pale samaki anapopumulia. Humo ndani mna kinyama chembamba kama uzi, na kazi yake ni moja tu: kukumbuka. Kikionjeshwa ugonjwa leo, ukija kweli kitautambua.

Shemeji yake, mwenye mabwawa, alisimama nyuma yake na chupa ya chanjo.

"Ongeza maji, shemeji."

"Si yatakuwa maji matupu, shemeji?"

"We ongeza. Kwani samaki ana ulimi wa kunishtaki?"

Akaongeza.

Samaki walipoanza kuelea matumbo juu, shemeji akawatangazia wateja kwamba mchanjaji ana mkono mbaya. Watu wakawa wanaitikia salamu yake nusunusu. Akazoea kupita njia ya uani.

Waliosalia walikua, wakapelekwa sokoni. Muuza supu akafanya kama afanyavyo kila mnunuzi: akafunua shavu la samaki kwa kidole gumba, aone kama ndani ni pekundu. Palikuwa pekundu. Palikuwa pia na sauti: "Ongeza maji, shemeji." Akafunua la samaki wa pili. "Kwani samaki ana ulimi wa kunishtaki?"

"Hawa wabichi kabisa," alisema muuza supu, akawatia kapuni.

Kile kinyama hakikupewa ugonjwa wa kukumbuka, basi kilikumbuka kilichokuwepo.

Soko zima likasikiliza. "Tulikuonea bure, mama," watu walimwambia Mama Chanjo. Wakamgeukia mwenye mabwawa. Naye, muungwana, akakiri kwamba kweli pana tatizo, na lazima lirekebishwe upesi. Akanunua panga jipya. Tangu hapo samaki wake huuzwa bila vichwa.

Mkataji ni Mama Chanjo. Asubuhi anachovya vifaranga kwenye maji yaleyale matupu, mchana anakata. Vichwa anaruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Shemeji si mchoyo. Sufuria ikichemka, mashavu hufunguka yenyewe.

"Nani huyo anaongea jikoni?" huuliza mumewe.

"Kaka yako."

"Mbona sauti imemkauka?"

"Mchuzi umepungua."

"Ongeza maji, shemeji," husema sufuria.

Naye huongeza.