Maua ya Petali Nne

Fundi bomba aling'oa mimea yote ya dada yake iliyokuwa na uwezo wa kuzaa, akaacha ile tasa. Hakuna aliyemtuma. Aling'oa huku akipiga mluzi.

Dada alikuwa amelazwa, amevunjika nyonga. Alimwachia ufunguo wa banda la nailoni na maagizo mawili: mwagilia asubuhi, na joto likizidi fungua pembeni. Kung'oa hakukutaja, maana hakuwaza kwamba kuna mtu angeng'oa.

Maua yalipochanua, mengi yalikuwa na petali nne tu, mepesi, unaona hadi katikati. Machache yalijaa petali juu ya petali, rangi ya chai ya maziwa, mazito hadi shina linainama. Fundi akaona kazi iko wazi. Kwenye mabomba, kiungo kibovu hakiachwi karibu na kizima. Akavuta yale ya petali nne, akayachoma nyuma ya banda, yaliyobaki akayapiga picha.

Akaenda hospitali na simu mkononi.

"Huyu ndiye mdogo wako wa mabomba?" akauliza mama wa kitanda cha pili. "Mbona kajipiga pasi kama bwana harusi?"

"Leo ana jambo," dada akacheka, kashika nyonga. "Haya, lete hiyo simu."

Akatazama. Akaikuza picha kwa vidole. Kicheko kikakatika.

"Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi?"

"Ya petali nne, mdogo wangu."

Kwa sauti ile fundi alijua ameharibu, ingawa hakujua nini. Mdomo ukamtangulia. "Wadudu, dada. Walivamia usiku mmoja tu."

"Wadudu wenye macho hao," akasema mama wa kitanda cha pili. "Wamekula mabaya, wamekuachia mazuri."

"Mazuri, lakini matasa," dada akajibu, macho bado kwenye simu. "Ua huanza na petali, halafu vijiti vya chavua, halafu kifuko cha mbegu. Kuna jeni inayoamuru: petali zimetosha, sasa chavua. Kwenye haya imeharibika. Hakuna wa kusema basi, ua linarudia petali tupu hadi katikati. Porini likitokea hivi linaishia hapohapo, halina mtoto."

"Sasa wewe huyapataje?" mama yule akauliza.

"Kwa hayo yaliyoliwa. Kila mmea una nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Mengi ya petali nne yana moja nzima na moja mbovu. Ile nzima inatosha ua lizae. Mbovu inapita kimya hadi kwa watoto. Wazazi wa kila ua kwenye picha hii ni maua ya petali nne."

"Si unayo mbegu nyingine nyumbani?" fundi akauliza.

"Nilipanda zote. Na tawi la haya ukilichomeka ardhini linaoza, nimejaribu sana." Akamrudishia simu, akamshika mkono. "Usijitese, mdogo wangu. Ningekuachia dawa ya wadudu. Kosa ni langu."

Hapo ndipo fundi aliposhindwa. Angeweza kuvumilia matusi; kuombwa radhi hakuweza.

"Dada, hapakuwa na wadudu. Mdudu ni mimi. Nilidhani ni mabovu, nikayang'oa, nikayachoma."

Mama wa kitanda cha pili akageukia ukutani, akajifanya amelala.

Dada akamwachia mkono. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kung'oa, ulitaka kunifurahisha?"

"Ndiyo."

"Na kunidanganya, ulitaka kumfurahisha nani?"

Fundi alitazama viatu vyake alivyovipaka rangi asubuhi ile. Dada akaufungua mkono juu ya shuka. Hakusema anataka nini. Fundi akatoa ufunguo, akauweka pale.

Rangi ile ya chai ya maziwa dada aliichagua mmea kwa mmea kwa miaka kumi na mmoja, tangu ilipokuwa manjano ya kawaida. Maua yaliyojaa yalidumu wiki tatu, yakanyauka. Mbegu haikupatikana hata moja. Ufunguo anao jirani, na fundi akienda kumjulia hali dada yake, hukaribishwa kiti sebuleni, kama mgeni.