Kona ya Nyuma Kushoto

Maree Trevaskis alikuwa na sababu kumi za kumchukia Glenys Hartigan, na asubuhi ile, katika ukumbi wa uwanja wa mbio za farasi pale mjini Horsham, aliongeza ya kumi na moja: meza. Glenys, mwenyekiti wa chama cha walimu wa sayansi kimu, alikuwa amempangia kimeza cha kukunja kando ya mlango wa choo. Kila mwalimu aliyetoka kunawa alimrushia matone.

"Panakutosha hapo, mpenzi?" Glenys alimuuliza akipita, kitambulisho kikining'inia kifuani.

"Pananitosha sana. Nikikumiss, nageuka tu naangalia mlango."

Maree alifundisha mapishi miaka thelathini na moja katika shule ya Warrabin. Tangu alipoanza, kila mwaka alikuja kwenye kongamano hili na maboksi ya karatasi za masomo yake: namna ya kumfundisha mtoto asiyewahi kushika kisu, namna ya kulisha darasa zima kwa boga moja, skonzi ambazo kengele ikilia zimeiva na vyombo vimeoshwa. Alizigawa bure, bila sharti lolote. Alistaafu miaka minne iliyopita, lakini kuja hakuacha. Walimu wa shule za mbali, zile zenye mwalimu mmoja na jiko moja, walimtegemea, na tusifichane, yeye aliwategemea zaidi. Bila meza ile, hata ya chooni, alikuwa mjane tu mwenye paka wawili.

Kabla hajamaliza kupanga karatasi, alifika Lachlan Poole wa kampuni ya unga. Kampuni hiyo ndiyo iliyodhamini kongamano mwaka huu, na kila mwalimu alikuta kitabu chake cha rangi, cha bure, ndani ya mfuko aliopewa mlangoni.

"Samahani, mama."

"Mama yako yuko kwao. Mimi naitwa Maree."

"Sawa, Maree. Kuna tatizo dogo." Alitabasamu meno yote. "Hizi karatasi zako zimo kwenye kitabu chetu. Neno kwa neno. Na kitabu ni mali ya kampuni, kwa hiyo huruhusiwi kuzigawa."

"Zangu zimo kwenye kitabu chenu, halafu mimi ndiye mwizi?"

"Sijasema mwizi. Mwenyekiti analijua suala hili."

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. "Funga meza kabla ya chai ya saa nne, Maree. Ukikaidi, mwakani usihangaike kuja. Sitaki kesi kwenye chama changu."

Wakaondoka, viatu vya Glenys vikigonga sakafu kwa furaha. Maree alibaki amekaa, masikio yakimwaka moto. Alikichukua kitabu cha kampuni kwenye mfuko wake akakifungua kwa nguvu hadi kikakaribia kuchanika. Boga lake lilikuwamo. Kisu chake kilikuwamo. Hata mzaha wake kuhusu mtoto na kitunguu ulikuwamo, ila kila alipoandika unga, wao waliandika unga wao. Jina lake halikuwepo popote. Alitamani kumtia Poole kichwa kichwa ndani ya birika la chai, na Glenys amfuate.

Ukurasa wa kumi na nne ndio uliomsimamisha. Skonzi. Hatua ya sita ilisema: *Ikifika dakika ya saba, geuza sinia, kwa sababu kona ya nyuma kushoto inaunguza.*

Maree alicheka peke yake, kicheko kibaya. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka chooni akarudi ndani.

Saa nne ilipofika meza ilikuwa bado wazi. Walimu walikuwa wamejipanga kwenye birika kubwa, kila mmoja na skonzi yake ya jemu na krimu mkononi, Poole akiwa katikati yao anamwaga meno. Maree akaenda moja kwa moja.

"Lachlan!" Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto thelathini wenye visu, na ukumbi mzima ukanyamaza. "Hebu tufundishe. Ukurasa wa kumi na nne, hatua ya sita. Kwa nini tunageuza sinia?"

Poole akafungua kitabu. "Kwa sababu... kona ya nyuma kushoto inaunguza."

"Kona ya oveni gani?"

"Ya... oveni kwa ujumla."

"Ehee! Mimi nageuza kila siku!" alidakia mwalimu mmoja kutoka Nhill, mwanamke mnene mwenye krimu kidevuni. "Na oveni yangu ni mpya! Nikasema basi wataalamu wanajua."

Watu wakacheka. Maree akaona ameshashinda.

"Hiyo ni oveni namba nne ya Warrabin," akasema. "Iliharibika feni. Hakuna oveni nyingine duniani yenye kona hiyo. Somo ni langu, na karatasi yangu hii hapa, linganisheni wenyewe."

Akainua karatasi yake ya skonzi. Poole akaichukua, akaisoma taratibu mpaka chini, kisha akaisoma tena. Meno yakarudi.

"Maree, hatua hiyo haimo humu. Kitabu chetu kinayo, karatasi yako haina. Sasa nani kamwiga nani?"

 Maree alimnyang'anya karatasi akatazama mwenyewe. Kweli haikuwemo. Aliwaona walimu wakiinamia vikombe vyao, wakimwonea aibu, na hapo akahisi kweli kwamba mwakani hatakuwa na pa kwenda. Halafu akakumbuka, na alipokumbuka hakumtazama Poole tena. Alimtazama Glenys.

"Haimo," alisema taratibu, "kwa sababu sikuichapa. Niliiandika kwa penseli kwenye nakala moja tu, iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati, kando ya ile oveni. Niliiandika baada ya mtu fulani kuunguza skonzi mbele ya mkurugenzi wa elimu wa mkoa. Nilipostaafu niliiacha palepale, na jiko lile akalirithi huyohuyo aliyeunguza."

Glenys alikuwa mwekundu kuanzia shingoni. Angenyamaza, huenda mambo yangeishia hapo, maana maneno ya penseli hayana shahidi. Lakini miaka kumi na tisa ya kinyongo haijui kunyamaza.

"Uliniacha niunguze makusudi!" alifoka, kikombe kikimwagika. "Ulijua ile kona inaunguza! Muhula mzima ulijua, ukanipa oveni namba nne siku ya mkurugenzi, ukakaa kimya! Nikasimama pale na sinia la makaa, mgeni wa wiki tatu! Kesho yake ndipo ukaandika na penseli yako!"

 Poole alikuwa amemgeukia, na safari hii meno hayakuonekana.

"Glenys, ulituambia masomo haya umeandika wewe."

"Alikuwa anagawa bure kwa kila mtu! Ubaya uko wapi?"

"Umeiba kitu cha bure," Maree alisema kwa hasira. "Ungeniomba tu. Ningekupa."

"Kama ulivyonipa ile kona?"

Mwanamke wa Nhill alifuta krimu kidevuni. Walimu wote walikuwa wakimtazama Maree sasa, na alijua wanasubiri akane. Ingekuwa rahisi. Wangemwamini yeye, mzee wao wa maboksi, mtoaji asiyechoka. Alikumbuka sinia lile likitoka na moshi, na yeye mwenyewe kule mlangoni, mikono kwenye aproni, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kumsimulia hata marehemu mumewe.

"Nilijua," alisema.

"Mmesikia wenyewe," Glenys aliuambia ukumbi, machozi yakimlenga. Akavua kitambulisho, akakitupa juu ya sahani ya skonzi, akatoka.

Poole alipita na boksi akivitoa vitabu vyake kwenye mifuko ya walimu, kimoja kimoja, bila kumwangalia mtu. Hakuna tena aliyemwambia Maree afunge meza. Walimu walipanga foleni kutoka kwenye birika hadi mlango wa choo, wakachukua karatasi za boga na za kisu. Wengi walisema asante. Hakuna aliyesimama kupiga soga kama miaka yote.

Mwanamke wa Nhill alikuwa wa mwisho. Alichukua karatasi ya skonzi, akaikunja, kisha akaikunjua tena.

"Hii iko yote?" aliuliza. "Hakuna kitu umebakiza?"

"Iko yote," Maree alimjibu, na akaona jinsi yule mama alivyoisoma tena kuanzia juu.