Skrubu Mbili za Laddan

Damu ya Laddan ilikuwa inazungushwa kwenye mashine, naye amelala kitini anaisikia ikivuma kama pangaboi bovu. Mdomo wa juu ulikuwa umekufa ganzi mpaka puani. Aliupapasa kwa ulimi, ni kama kupapasa mdomo wa mtu mwingine.

"Tulia, mzee wangu," alisema Daktari Ishita. Umri wake ulikuwa kama wa Rukhsar, binti yake Laddan, na alikuwa anasomea ubingwa hapo chuo cha meno. Mashine ilipozima, alichomoa kichupa akakiinua kwenye taa. Chini wekundu, juu maji ya njano, katikati utando mzito kama jeli.

"Unauona? Ni wako mwenyewe. Hizi ni zile chembe zinazogandisha damu mtu akijikata. Nikiuweka shimoni pamoja na skrubu, mfupa unashika upesi."

Laddan alinyoosha vidole viwili kuuliza kama ni mashimo yote mawili, maana kusema hakuweza.

"Hapana, kulia tu. Kushoto tunaweka skrubu kavu, ili tupime tofauti."

Akawaza: watoto wawili wa nyumba moja, mmoja apewe uji, mwingine atazame. Lakini swali lake la maana alikwisha kuliuliza siku ya kwanza: "Tarumbeta nitapuliza?" Na daktari alikwisha kumjibu: "Mfupa ukishika, kwa nini usipulize?"

Tarumbeta ndiyo iliyomla meno. Alikuwa anapuliza mbele ya farasi wa bwana harusi, kama alivyopuliza tangu masharubu yalipomwota, pale mjomba wa bwana harusi, amelewa chakari, alipomwangukia akicheza. Kidomo cha tarumbeta kikaingia ndani. Meno mawili ya mbele yakatoka. Watu wakacheka, wakidhani ni katika shamrashamra. Mjomba mtu alijikagua koti kama limeingia damu, halafu akamuuliza Mastari Yasin, mwenye bendi, mbona wimbo umekatika.

Bila meno ya juu, mdomo hauna ukuta wa kuegemea. Pumzi inavuja. Laddan alinunua meno ya bandia sokoni. Kwenye sauti ya juu ya kwanza yaliruka, mpiga ngoma akayakanyaga. Bendi nzima ilicheka, na yeye alicheka. Ndipo akasikia kwamba chuoni wanapandikiza bure.

Sharti lilikuwa moja: asipulize mpaka mfupa ushike.

"Hata filimbi?"

"Hata chai, mzee. Ipepee kwa mkono."

Akatii. Msimu wa harusi wa Meerut ukaanza, ukapamba moto, ukapita. Mastari Yasin alimpa mpwa wake tarumbeta, naye Laddan akapewa taa ya kumulikia msafara. "Ibebe kichwani kwa sasa, kaka. Meno yakija, mahali pako papo."

Siku ya kupima, profesa alikuja na wanafunzi wake. Daktari Ishita alifunga kijiti kwenye skrubu ya kulia, akasogeza kifaa cha kupimia uimara, kikalia. Akahamia kushoto, kikalia.

"Kulia imeshika vizuri sana," profesa alikiambia kinywa cha Laddan. "Hata kushoto si haba. Piga picha."

Walimvuta midomo kwa plastiki, wakapiga picha, wakaondoka. Daktari akakaza vifuniko vidogo vya chuma, akavua glavu.

"Tumemaliza, mzee wangu. Hongera."

"Na meno?"

"Meno yapi?"

"Ya kukaa juu ya skrubu."

Daktari aliutazama mlango aliotokea profesa. "Utafiti wetu ni wa mfupa. Mfupa umepona. Meno ni ya idara nyingine, unalipia dirishani."

"Ulisema bure, binti yangu."

"Skrubu bure. Si umewekewa?"

"Nitapulizia skrubu?"

"Ungeuliza mapema." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anapanga vyombo vyake kwenye sinia. "Na mimi mwenyewe naondoka, nimepata kazi Delhi. Usizichezee kwa ulimi."

Dirishani karani alimtajia bei. Laddan akamwomba arudie. Karani akarudia. Laddan akashukuru.

Nyumbani mkewe, Shabbo, alikuwa anachambua dengu. Alimwambia afungue kinywa, akatazama kwa muda, akarudia dengu zake.

"Baba Rukhsar, kitendawili."

"Tega."

"Nimesimika nguzo mbili, paa sina."

Jibu alilijua. "Chukua mji."

"Mji gani?"

"Meerut."

"Meerut si yako."

"Ndiyo maana naitoa."

Msimu mwingine ulipofunguka, Laddan alikuwa kwenye msafara, taa kichwani, mikono yote miwili juu imeishika. Waya ulitoka kwenye taa ya mwanamke aliyekuwa mbele yake, ukaingia yake, ukaenda kwa aliyekuwa nyuma, mpaka kwenye jenereta iliyosukumwa kwa mkokoteni. Mbele kabisa tarumbeta ya Laddan, mikononi mwa yule mpwa, ilikuwa inakosea mahali palepale kila wimbo uliporudi.

Mgeni mmoja kijana alikuja akicheza, noti mpya ikipepea vidoleni. Aliizungusha juu ya kichwa cha bwana harusi kumwondolea kijicho, halafu akamsogezea Laddan mdomoni.

"Mikono imejaa, mjomba? Basi uma! Ukiuma ni yako!"

Wenzake wakapiga makofi. Laddan akafungua kinywa.

"Alaa! Huyu kafungwa skrubu kama redio!"

Akajaribu kuibana noti kati ya vile vifuniko viwili na meno ya chini. Vifuniko vilikuwa vifupi, meno ya chini hayakuvifikia. Noti ikateleza, ikapitia kidevuni, ikaangukia chini ya kwato za farasi.

"Haitaki!" kijana akapiga kelele, wote wakacheka.

Skrubu hazikutikisika, ya kulia wala ya kushoto. Waya wa mbele ukakaza. Laddan akafuata, kinywa bado ki wazi.