Udongo wa Darasani

Mwalimu Modesta aliposhuka basi Mtae na kifurushi cha udongo kwapani, habari zilikuwa zimeshatangulia nyumbani. Jirani yake Hawa alimwona sokoni Lushoto akichagua ule udongo wanaoula wajawazito, akawahi gari la mwanzo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutafuta mawe. Tangu kazi ya kuchapa na kuuza vitabu vya shule ilipoachiwa wafanyabiashara, shule haikuwa na hata kimoja cha jiografia, na darasa la saba walikaribia mtihani bila kujua aina tatu za miamba. Modesta hakutulia. Miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ilijaa kwenye genge la mlima nyuma ya shule. Kila jiwe aliloliokota lilikuwa la aina hiyo hiyo, mpaka akaichukia milima. Sokoni alipata mwamba wa moto: jiwe jepesi la kusugulia visigino. Mwamba tabaka akauona katika beseni la udongo, vipande vigumu vyenye mistari. Kwa furaha akasahau kwamba mwanamke aliyekaa miaka kwenye ndoa bila mtoto hanunui kitu kile hadharani.

Mama mkwe wake, Bi Klara, aliitikia shikamoo yake akitabasamu, akampokea mzigo, akamkalisha. Kuku alishachinjwa. Jikoni yule mama aliimba wimbo wa kanisani, naye si mtu wa kuimba. Modesta aliketi, akainuka, akaketi tena. Akinyamaza, atakuwa mwizi wa furaha; akisema, ataiua.

Chakula kilipotengwa, Modesta alilirudisha tonge la kwanza sahanini.

“Mama, nisamehe. Ule udongo ni wa kufundishia. Sina kitu tumboni.”

Bi Klara aliendelea kupakua kana kwamba hakusikia. Kisha akanawa mikono, akafungua kifurushi, akavunja kipande, akakitia mdomoni. Modesta aliona aibu kubwa kuliko kama angetukanwa.

“Kabla ya mumeo kuzaliwa,” mama alisema taratibu, “niliula huu miaka mingi. Kwa siri. Tumbo tupu.”

Modesta akalia. Bi Klara hakumbembeleza. Alimsogezea paja la kuku, akafunga kifurushi upya na kukaza fundo.

“Kilichobaki kitawatosha watoto wako?”

“Kitatosha, mama.”

Asubuhi, kipande kilipita mkono kwa mkono darasani. Mwalimu alieleza kwamba kilikuwa tope chini ya maji, kikalaliwa na tope jingine, kwa muda ambao hakuna mtu awezaye kuungoja. Kilipomrudia, chembe zilibaki kiganjani. Akazilamba mbele ya darasa zima.