Buibui Wawili wa Paskazia

Usiseme hukusikia. Ulisikia, ukainamia jembe, ukajifanya magugu ndiyo yanakuita, kama ulivyofanya masika yale alipofuatwa kwa fimbo mama mwingine wa watu. Tupo tusiosahau.

Paskazia, mjane wa kijiji kimoja nje ya Puge, ana macho mekundu, na huku macho mekundu husemwa ni ya mchawi. Umri wote kapikia kuni. Angeyapata wapi meupe? Mwanawe Fikiri, dereva wa malori, alimletea buibui kutoka Dar. Buibui wa Meksiko, mweusi, mkubwa kama kiganja, magoti ya rangi ya chungwa utadhani yamechovywa kwenye mawese.

"Akuchangamshe, mama. Ugali hali, chumvi haombi."

Paskazia alicheka. Akamweka kwenye deli la plastiki, akamlisha panzi, jioni akawa anamsemesha.

Asubuhi moja akamkuta amelala chali. Akapiga simu.

"Usimguse, mama," Fikiri akasema. "Anajivua gamba. Ukimshtua atakufa."

Akakaa roho juu hadi mchana. Gamba likatoka zima, na magoti yake na manyoya yake, likabaki kando ya mwenyewe. Ndipo Jenifa wa nyumba ya pili akaingia kuomba moto, kama kawaida yake, akachungulia deli.

"Shangazi, huyu si alikuwa mmoja?"

"Ndiye huyo huyo, mwanangu. Hilo jingine gamba tu. Sogea uone."

Jenifa hakusogea. "Mwenyewe huna mume, kinyama chako hakina dume, na leo wawili." Akatoka kinyumenyume, moto hakuchukua.

Haikupita muda, mwano ukapigwa. Unaujua: yowe la hatari, likisikika kila mwenye miguu hutoka na fimbo, na asiyetoka hutengwa, hapewi moto wala salamu. Mwano huu haukuwa wa mwizi wa ng'ombe. Ulipigwa mlangoni kwa Paskazia.

Aliufikiria mlango wa nyuma, shamba la mihogo, barabara ya Nzega. Lakini asiyeitika mwano kajihukumu. Akaliweka gamba kiganjani, jepesi kama ganda la karanga, akatoka. Mkono ulimtetemeka, na kwa kutetemeka huko gamba likaonekana linatembea. Umati ukarudi nyuma, kisha ukasogea zaidi.

"Weka chini hicho kitu, mama Fikiri," akasema Anton, mkubwa wa ulinzi, ambaye mwaka hadi mwaka amekunywa togwa ya mama huyu.

"Lishike wewe, Anton. Ukikuta uhai ndani, nipigeni."

Anton akarudi hatua moja. Fimbo zilikuwa nyingi. Hakuna kiganja kilichonyooshwa.

Paskazia bado amesimama pale. Wewe uliyeliacha jembe mwishoni ukaja kusimama nyuma ya watu, unayejua kwamba nyoka hujivua gamba na mende pia, pita mbele. Simu unayo, waite polisi. Kisha lipokee gamba hilo, lipasue mbele ya macho yao, usimame mlangoni kwake. Nenda sasa hivi, Anton hajatoa amri.